Chanjo yangu ilikuwa maji? Jibu kwa mwalimu wa Kibaigwa

SWALI: "Mbukwenyi daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nyumbani tuko wanne: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi mwenye miaka 74, na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Mwezi wa sita yalipita mafua mabaya. Mimi nililala siku tisa. Mke wangu alikohoa siku mbili, ya tatu akachukua jembe akaenda zake shambani. Mtoto alilazwa kwa kubanwa kifua. Mama hata chafya hakupiga. Tunakula sufuria moja, tunavuta hewa moja. Jirani yangu anasema damu yangu nyepesi. Nikakumbuka na chanjo ya Uviko ya mwaka 2021: mke wangu alitetemeka usiku kucha, mimi hata mkono haukuniuma. Je, yangu ilikuwa maji? La mwisho, ukweni kwangu ni Kasulu, mkoani Kigoma. Kila nikienda nalazwa kwa malaria, na shemeji zangu wanadunda tu. Siku hizi na mke wangu inampata, naye kakulia hukohuko. Tatizo letu ni nini?"

JIBU: Mwalimu, salamu nimezipokea. Nianze na chanjo, maana naona ndiyo inayokukosesha raha: haikuwa maji. Sababu nitazitoa mbele kidogo. Kwanza tumalizane na jirani yako na damu yake nyepesi.

Hajakosea kufikiri kwamba kuna kitu mtu huzaliwa nacho. Amekosea pa kukitafuta. Maabara ninayofanyia kazi ina mashine za kupima mambo mengi ya damu, lakini wepesi wa namna anayoisema yeye haumo. Kilichomo ni hiki: wewe unakaa Kibaigwa, mji wa soko la mahindi, kwa hiyo bambo, kile chuma cha kuchomea gunia, unalijua kuliko mimi. Mnunuzi wa mahindi hafungui gunia. Anachoma bambo ubavuni, zinamtoka punje chache kiganjani, anazitazama, ananusa, anauma moja, anaamua. Seli zako zinafanya karibu hivyohivyo, ila hapa gunia linajichoma lenyewe. Karibu kila seli mwilini, usiku na mchana, inakatakata protini zilizo ndani yake, inavitoa vipande nje, juu ya utando wake, na kuvishikilia vionekane. Wakaguzi wanaoitwa seli T wanapita mmoja baada ya mwingine. Kipande kikiwa cha mwili wenyewe, wanaendelea na safari. Kikiwa cha virusi, seli hiyo inauawa kabla haijazalisha virusi wengine.

Bambo lenyewe ni protini za familia ya HLA, na jeni zake zimepangana kwenye kromosomu ya 6. Mfaransa Jean Dausset ndiye aliyeeleza ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akapewa Nobeli pamoja na wenzake wawili. Jambo la kushangaza ni wingi wake. Aina zilizokwisha kuorodheshwa duniani zimepita 30,000, na wewe unazo chache tu, nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba. Bambo langu linanasa vizuri kipande hiki cha virusi, lako linakiacha kidondoke na kunasa kile. Kwa ugonjwa mmoja mimi nina nafuu, kwa mwingine wewe unayo. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Gambia walionyesha kwamba aina moja, HLA-B53, ilionekana zaidi kwa watoto ambao malaria haikuwafikisha pabaya.

Hapa Dodoma habari hiyo tunaishi nayo. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilipoanza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli, swali la kwanza kwa kila familia lilikuwa moja: yupo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye HLA zake zinalingana na za mgonjwa? Nafasi ya ndugu wawili kulingana ni moja kati ya nne. Yaani watoto walionyonya titi moja na kulala kitanda kimoja, mara tatu kati ya nne, wanakagua magunia kwa bambo tofauti. Wewe na mkeo, mliotoka Kongwa na Kasulu, ndiyo kabisa.

Lakini sitaki ubebe urithi ukadhani umepata jibu zima. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya kwa mapacha 210, wa kufanana na wasiofanana, wa miaka 8 hadi 82. Walipima mambo 204 ya kinga: idadi za seli za kila namna, kemikali zinazotumika kupelekeana habari, mwitikio kwa chanjo ya mafua. Zaidi ya robo tatu ya vipimo hivyo vilitawaliwa na mambo yasiyo ya kurithi. Kiasi cha kingamwili (protini za damu zinazonasa vijidudu) walichotengeneza baada ya chanjo ya mafua hakikuonyesha mchango wa urithi hata kidogo. Na katika baadhi ya vipimo, mapacha wa kufanana walizidi kuachana kadiri umri ulivyosogea. Virusi vya aina moja tu, vinavyoitwa sitomegalo, ambavyo wengi wetu Afrika tunavipata utotoni bila kujua, vilikuwa vimegusa zaidi ya nusu ya vipimo.

Kwa hiyo ukinibana niseme kinga ya mtu ni nini, nitakuambia ni daftari la mahudhurio. Jalada limechapwa na wazazi. Ndani imeandikwa nani alikuja, mwaka gani, alikaa siku ngapi, alivunja nini. Watu wawili wanaweza kuwa na jalada moja na wasifanane ukurasa hata mmoja. Na kurasa huchanika: mwaka 2019 ilionekana kwamba watoto ambao hawakuchanjwa wakaugua surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa wamejikusanyia dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua, mama anashukuru Mungu, kisha miezi michache baadaye nimonia inamkuta kama hajawahi kuiona. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mtu anasema surua ni ugonjwa wa kukomaza mtoto.

Sasa tuingie nyumbani kwako.

Umesema mnavuta hewa moja. Mna hakika? Virusi vya mafua havisafiri kwenye ugali. Vinasafiri kwa pumzi, makamasi na mikono, na kiasi unachopokea kina maana kubwa. Nani analala na mtoto? Nani anampangusa pua? Mama yako ana chumba chake, na mara nyingi wazee wetu hukaa nje kwenye upepo mchana kutwa. Wewe unashinda na watoto sitini au themanini darasani, madirisha yamefungwa kwa vumbi la mwezi wa sita. Pengine kabla ya kinga yako kuulizwa swali lolote, ulikuwa umekwisha kupokea dozi mara nyingi kuliko wenzako.

Hata hivyo dozi haimalizi mambo. Mwaka 2021 huko London vijana 36 wenye afya, wa miaka 18 hadi 29, ambao hawakuwa wamechanjwa wala kuugua korona, walikubali kudondoshewa virusi hivyo puani. Tone moja, kiasi kilekile kwa kila mmoja. Kati ya 34 waliohesabiwa mwishoni, walioambukizwa ni 18. Wengine 16, hawakuambukizwa. Walipochunguzwa zaidi baadhi yao, ikaonekana kwamba kwa walioambukizwa sawasawa, kinga ya puani ilichelewa kuamka, na kwa wale ambao virusi vilishindwa kutia mizizi, seli za kinga ziliwahi palepale puani. Pengine kuwahi au kuchelewa kwa namna hiyo ndiko kunakotenganisha siku mbili za mkeo na tisa zako.

Kwako wewe ningeuliza na usingizi. Mwaka 2009 Wamarekani 153 walitiwa virusi vya mafua ya kawaida puani kwa makusudi. Waliokuwa wakilala chini ya saa saba kwa usiku waliugua karibu mara tatu ya waliolala saa nane au zaidi. Mwezi wa sita ni mwezi wa mitihani ya muhula. Nakuona na taa yako na rundo la madaftari.

Bi mkubwa naye. Kwa kawaida ungetegemea yeye ndiye aanguke kwanza. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua na ambayo ndiyo shule ya seli T, huanza kusinyaa mapema maishani, na mzee wa miaka 74 amebakiwa na mafuta mahali pake. Kwa hiyo ugonjwa mgeni kabisa humkuta na wanafunzi wachache wapya. Lakini daftari lake ni nene. Mwanamke aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikutana na influenza, yaani mafua makali, yake ya kwanza wakati dunia nzima inazungukwa na jamii ya H1N1, iliyodumu toka 1918 hadi 1957. Na influenza ya kwanza maishani huacha alama ambayo zinazofuata haziifuti. Ndiyo maana mwaka 2009, H1N1 mpya ilipozuka, wazee waliambukizwa kwa uchache kuliko vijana, kinyume na mazoea. Mwaka 2016 watafiti walipokusanya wagonjwa wa mafua ya ndege ya aina mbili, H5N1 na H7N9, waliona mpaka ulio wazi kwenye mwaka 1968, mwaka ilipoingia influenza mpya ya H3N2. Waliozaliwa kabla ya hapo walikuwa na nafuu kwa H5N1, waliozaliwa baada yake wakawa na nafuu kwa H7N9. Mwaka wako wa kuzaliwa unajua mambo yako kuliko mganga. Yaliyopita Kibaigwa yakiwa ni influenza ya ukoo aliousoma mama yako akiwa binti, hana sababu ya kupiga chafya. Usichukulie hilo kuwa dhamana, maana mafua mengine yatakuja ya ukoo asioujua.

Mtoto ni kinyume chake: daftari jeupe. Alizaliwa na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma, na hizo huwa zinayeyuka ndani ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana chanjo ya surua-rubela hapa kwetu inasubiri miezi 9. Ikitolewa mapema sana, kingamwili za mama huiua kabla mtoto hajajifunza. Inarudiwa miezi 18, kwa hiyo wa kwako ni sasa hivi, angalia kadi. Kuhusu kubanwa kifua, naomba unielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi wanapojilaumu kwamba mtoto "hana kinga". Mara nyingi kinga anayo, na ndiyo iliyombana. Vijia vya hewa vya mtoto wa umri huo ni vyembamba. Kinga ikiwasha moto, kuta zake zikavimba kidogo tu na makamasi yakajaa, hewa haipiti. Mtu mzima mwenye uvimbe uleule anakohoa tu.

Homa, viungo kuuma, pua kutiririka, kukosa hamu ya kula: karibu vyote hivyo ni kazi ya kinga yako mwenyewe. Virusi vinachangia sehemu ndogo. Kinga kali na kinga nzuri ni vitu viwili, na kwa hilo Kongwa yenyewe ni mwalimu.

Bibi yangu mzaa mama, huko Mpwapwa, alikuwa na kibano kidogo cha bati alichokifunga kwenye pindo la khanga. Kila baada ya siku chache aliniita mlangoni penye mwanga, ananikalisha mbele yake, anapindua kope kwa kidole gumba. "Itafute hiyo inayonichoma, uing'oe." Nilikuwa na miaka minane au tisa. Kope zilikuwa zimegeuka kuelekea ndani, kila akipepesa zinakwaruza mboni, na mboni ya kulia ilikuwa imeanza kuwa nyeupe kama maji ya mchele. Ndivyo vikope, au trakoma kwa jina la hospitali. Dada yake walilelewa boma moja, ng'ombe walewale, nzi walewale, uhaba wa maji uleule, na macho yake yalikuwa safi mpaka anafariki.

Bakteria wa vikope hawakati kope wala hawageuzi chochote kwa mikono yao. Kinachogeuza ni kovu. Mtoto anaambukizwa, kinga inakuja na moto, moto unazimika, unabaki mkwaruzo chini ya kope. Anaambukizwa tena. Baada ya miaka mingi ya kuwashwa na kuzimwa, kovu linavuta ngozi kama uzi uliokazwa sana kwenye pindo. Wilaya yako imechunguzwa kwa jambo hili tangu miaka ya 1980, na mwaka 1995 ikachapishwa kazi maarufu iliyofanyika Kongwa kuonyesha nguvu ya kuosha watoto uso. Katika vijiji hivyo ilionekana kwamba watoto wengi wanapata vikope, lakini ni sehemu yao tu wanaobaki na moto mkali usiokatika, na hao ndio hasa wanaobeba makovu. Wanawake wanapofuka zaidi kwa sababu wanaishi na watoto wadogo mikononi, kila mtoto mpya anawaletea maambukizi mapya. Ukiniuliza kati ya bibi na dada yake nani alikuwa na kinga "yenye nguvu", nitashindwa kukujibu kwa neno hilo. Yule aliyepofuka kinga yake ilifanya kazi nyingi kuliko ya mwenzake.

Turudi kwenye sindano. Chanjo ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021 ilikuwa ni ile ya Janssen ya dozi moja, na wengi waliochanjwa mwanzoni waliipata hiyo. Kutetemeka kwa mkeo usiku ule kulikuwa king'ora cha walinzi wa mwanzo, wale wanaopiga kelele saa chache tu baada ya kuona kitu kigeni, bila kujali ni nini. Kingamwili zinatengenezwa baadaye, kimyakimya, na seli B zilizo kwenye tezi za kwapani, zilezile zikivimba tunazoziita mitoki. Kazi hiyo inachukua wiki moja, mbili, na haina maumivu. Watu wanaotetemeka wakati mwingine hupimwa wakakutwa na kingamwili nyingi kidogo kuliko wasiotetemeka, lakini makundi yote mawili wanazo. Ving'ora vya watu havina sauti moja, basi.

Na cha mwanamke kwa kawaida kina sauti zaidi. Jeni ya TLR7, mojawapo ya vitambua-virusi vyetu, iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili. Moja huzimwa katika kila seli, lakini jeni hii katika baadhi ya seli hukataa kuzimika. Ongeza na homoni: estrojeni kwa ujumla huichochea kinga, testosteroni huituliza. Walipojaribu chanjo ya mafua ya nusu dozi Marekani, wanawake walitoa kingamwili karibu sawa na wanaume waliopewa dozi kamili. Gharama yake ipo pia: lupasi, ugonjwa ambao kinga inamgeukia mwenyewe, katika wagonjwa kumi takriban tisa ni wanawake.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, tazama mabega ya kulia ya wanafunzi wako. BCG waliipata wote walipozaliwa, sindano ileile, kipimo kilekile. Wengine wana kovu kama shilingi, wengine kama punje ya uwele, wachache hawana kitu.

Kwenye chakula sitakaa sana, ingawa najua ndiko wasomaji wengine wanakosubiri niorodheshe vya kununua. Kuna kazi nzuri iliyofanyika nyumbani. Mwaka 2021 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walilinganisha Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini Kilimanjaro, wakakuta kinga ya watu wa mjini iko kwenye hali ya kuwaka zaidi, na sehemu ya tofauti ilitokana na mlo. Mwaka 2025 wakatoa nyingine: wanaume 77, baadhi wa vijijini wakapewa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili, wa mjini wakapewa vya asili. Wiki mbili tu, na alama za moto mwilini zikapanda kwa kundi la kwanza na kushuka kwa la pili. Walikuwepo hata waliokunywa mbege wiki moja wakapata nafuu. (Wachaga wa Dodoma, nimewasikia mkishangilia. Ni wiki moja, na kwa kipimo cha watafiti.) Uwele, mtama, choroko, mlenda na ubuyu wa huku kwetu havikuwa kwenye jaribio hilo, lakini ni jamii ya vyakula hivyohivyo visivyokobolewa.

Kwa mtu wa Kibaigwa ninaogopa zaidi ghala kuliko sahani. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na hiyo ni sumu ikiwa nyingi. Ikiwa kidogokidogo kila siku kwenye mahindi na karanga, haionekani. Ila watoto wa Gambia waliokutwa nayo damuni walikuwa na upungufu wa kingamwili za mate, zile zinazolinda mdomo na utumbo. Mahindi yaliyonyeshewa kabla ya kukauka usimpikie mtoto uji.

Sasa Kasulu.

Surua ukiugua mara moja umehitimu. Malaria haihitimishi mtu. Kimelea chake kina jeni kama 60 za kubadilishia vazi. Kinga ikilizoea moja, kinavaa jingine. Kwa hiyo kinga ya malaria hujengwa kwa kuumwa na kuumwa tena, miaka mingi, na hata ikikamilika haikuzuii kuambukizwa, inakuzuia kulazwa. Shemeji zako wanaodunda, ukiwapima, baadhi yao utakuta vimelea wamo. Wamezoeana. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria Kigoma walikuwa kama asilimia 24. Dodoma haikufika asilimia 1. Wewe ni mtoto wa nchi kavu, daftari lako halina ukurasa wa malaria. Mkeo alikuwa nao, lakini ukurasa huu una tabia ya kufifia usipoandikwa upya. Miaka kadhaa ya Kibaigwa imemfanya mgeni nusu. Mtoto wenu, mjukuu wa Kasulu kwa damu, kwa malaria ni Mgogo kabisa.

Na uzoefu huo wa malaria una sura ya pili ambayo hata madaktari wenzangu wengine huisahau. Taasisi ya Afya Ifakara ilipojaribu huko Bagamoyo chanjo ya malaria iliyotengenezwa kwa vimelea kamili, matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha Watanzania waliokua na malaria wakitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani wasiowahi kuiona, kwa chanjo ileile. Mwaka 2014 ilikuwa imeonekana hivyohivyo kwa chanjo ya homa ya manjano, Entebbe ikilinganishwa na Lausanne ya Uswisi. Kinga iliyopigana miaka mingi na vimelea na minyoo hujifunza kutulia, isiunguze nyumba. Huo ni ustadi, lakini unaifanya chanjo nayo ipokelewe kwa utulivu. Kwa hiyo anayeniambia chanjo imepimwa Ulaya inatosha, namuuliza imepimwa kwa nani.

Je, wewe siku tisa ni ugonjwa? Mara moja kwa mwaka, hapana. Ningekutaka hospitali kama ungekuwa na nimonia mbili ndani ya mwaka, usaha wa masikio usiokoma, fangasi za mdomoni, kupungua uzito, au vidonda visivyopona. Hapo tungepima VVU na sukari kwanza, na ningekuuliza kama unatumia dawa za steroidi, kwa sababu hizo ndizo sababu za kila siku. Nyingine hujificha: mwaka 2020, katika wagonjwa 987 wa korona waliozidiwa, 101 walikutwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe, yaani kemikali za mwili za kupinga virusi, na kabla ya hapo hawakuwa na dalili yoyote.

Desemba mkienda ukweni, mwende na vyandarua viwili, na wote watatu mlale ndani yake kuanzia usiku wa kwanza, hata shemeji wakicheka. Homa ikianza mkiwa huko, kipimo cha haraka siku hiyohiyo. Na mkisharudi Kibaigwa, yeyote kati yenu watatu akipata homa ndani ya mwezi mmoja, neno la kwanza kwa mhudumu liwe "tumetoka Kigoma", maana Kongwa malaria si jambo la kwanza kufikiriwa, na mtoto wa umri huo hana siku za kusubiri ifikiriwe.